Mama Hadjara anaondoka, simu ya Muzee Amuri ikikubali

Mama Hadjara binti Athumani amefanya kazi miaka kumi na nane katika biro yetu ya Rumonge, ofisi hii inayotengeneza kurasa za mtandao, na anaenda retreti, kustaafu, tarehe 30 mwezi wa sita. Kwanza ilikuwa aende mwisho wa mwezi wa tatu. Nitaeleza kwa nini tarehe ilihama, maana watu wanasema mengi, na mengi wanayosema yananitaja mimi.

Mimi ni Amuri, zamu, mulinzi wa mulango. Kuandika haya walimuomba kwanza Emery, yule anayeandika kurasa, akaleta mistari michache mikavu. Ndipo Shefu Nestori, mukubwa wa biro, akatoka nje akasema, "Muzee, wewe ndiye umekaa naye muda murefu." Ni kweli. Kalamu si kazi yangu, lakini sijaona bado kazi iliyonishinda.

Wengi hapa mujini hawajui Mama Hadjara alikuwa anafanya nini. Walimuona amezungukwa na ordinateri, yaani kompyuta, za zamani na simu za kila namna, wakafikiri anauza. Kazi yenyewe ni hii. Ukurasa unaandikwa kwa alama: hapa kichwa, hapa picha, hapa kifungo cha kubonyeza. Halafu iko kivinjari, kile kinachofungua ukurasa kwenye simu au ordinateri, na vivinjari viko vingi, kila kimoja na ukaidi wake. Ni kama umetuma watu watatu sokoni kwa maneno yaleyale: mmoja analeta mboga ya sombe, mwingine ya lengalenga, wa tatu anarudi kuuliza alitumwa nini. Mama Hadjara alifungua kila ukurasa katika vivinjari vyote, aone wapi picha imekaa na wapi imekimbia.

Alivipa majina ya ukoo. Kile cha polepole alikiita Baba Mukwe, kwa sababu hakiharakishwi. Kile kinachobadilika kila wiki alikiita Wifi. Asubuhi akisema, "Leo Wifi ameamka vibaya," Emery alikuwa anajua vifungo vyake vimehama, na chai yake ilipoa palepale.

Kulikuwa na habari ya ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, na lazima niiandike kwa sababu kila mutu anaisimulia vibaya. Mama Beatrisi, mukubwa wa ushirika wa wanawake wanaoanika ndagala kule Gitaza, alitaka ukurasa wa kutafuta wanunuzi. Emery, kijana bado wakati ule, akauandika, akauangalia kwenye ordinateri yake mwenyewe, akasema ni safi. Mama Hadjara alikuwa kwenye harusi Kizuka. Hawakumungoja.

Kwa Emery, picha ilionyesha ndagala mudogo kama kidole. Kwenye simu za wanunuzi, vivinjari vyao havikuelewa ile alama ya ukubwa, na ndagala mumoja akajaza ukurasa mzima, munene kuliko sangala, yule samaki mukubwa. Watu wakatoka Bujumbura na kamiyo, lori zima, kuja kumununua huyo. Mama Beatrisi akawaonyesha ndagala walioanikwa. Wakasema, "Hawa ni watoto, mama. Sisi tunataka wazazi." Akawajibu, "Wazazi ndio hawa. Mulitazama na macho au na njaa?" Walinunua, maana hakuna anayefika Gitaza akarudi mikono mitupu. Lakini kesho yake Mama Beatrisi alikuja biro, akamwaga ndagala kwenye klavye ya Emery, pale anapobonyeza herufi, akamuambia, "Haya, pima." Harufu ile ilikaa hapa mpaka mvua zikaisha.

Tangu siku hiyo Mama Hadjara akaweka sheria. Ukurasa hautoki biro mpaka upite kwa Baba Mukwe, kwa Wifi, kwa ukoo wote, na mwisho kwenye simu yangu. Kwa nini yangu? Niliinunua ikiwa nzuri na bado ni nzuri. Kioo kimepasuka, lakini kimepasuka kwa adabu, hakizuii maandishi. Kivinjari chake hakijabadilishwa hata mara moja. Simu inaniuliza kama nataka kipya, ninakataa, na imeshazoea. Mama Hadjara alisema watu wa kando ya ziwa wana simu kama ya Muzee Amuri, ukurasa ukikaa humo utakaa popote. Emery akasema hakuna mutu mwingine duniani mwenye kivinjari kile. Nikamuambia basi biro ina bahati.

Kwa njia hiyo zimepita kurasa za hoteli za ufukweni, za wauza mawese, za mafundi wa sabuni, na hakuna hata mumoja aliyerudi kulalamika. Nusu ya sifa ni yake. Siongezi neno.

Kukosea alikosea pia. Ukurasa wa fundi sabuni aliurudisha asubuhi nzima kwa sababu ya doa jeusi lililokuwa likihama. Emery alifuta alama, akaandika upya, akafuta tena, mpaka doa likatembea lenyewe likatoka kwenye kona ya kioo. Lilikuwa sisimizi. Mama Hadjara hakuona haya hata kidogo. Alisema, "Hata hivyo lilikaa mahali pabaya."

Sasa habari ya tarehe. Mwezi wa tatu Emery alimutengenezea ukurasa wa kualika watu kwenye sherehe ya kumuaga. Ulikuwa na maua yanayozunguka, picha ya msitu wa Kigwena, na jina lake linajiandika lenyewe kwa rangi ya mawese. Kwa Wifi ulipita. Kwa Baba Mukwe ulichelewa, ukapita. Kwenye simu yangu ulikuwa mweupe kama shuka. Mama Hadjara akasema hawezi kuondoka akiacha ukurasa uliovunjika wenye jina lake, yeye aliyewarudishia wengine miaka yote.

Na Kigwena dada yake Nafisa anamungoja. Wana michikichi yao pamoja, na walipatana wakamue pamoja. Nafisa alipiga simu kila siku: "Mawese hayajikamui. Iko mutu wa Kizuka anataka nafasi yako, na yeye hana vivinjari."

Watu wakanijia. Shefu Nestori mwenyewe akasimama mulangoni: "Muzee, kubali kivinjari kipya. Bonyeza mara moja tu, mama wa watu aende." Nikakataa. Ukibadilisha mizani ili muzigo upite, hujapima kitu. Wengine wakasema ninamuzuia kwa sababu sitaki kubaki peke yangu na Emery. Maneno hayo siyajibu. Mama Hadjara hakuniomba hata siku moja. Alisema, "Simu iko sawa. Ukurasa ndio una majivuno."

Mwezi wa ine wakatoa maua. Mwezi wa tano wakatoa rangi, halafu msitu. Emery alikata kama anajikata mwenyewe. Simu yangu ikaonyesha nusu ya jina, ikachoka. Mwezi wa sita ulipoanza, Nafisa akatoa neno la mwisho: mwezi huu, au yule wa Kizuka anaingia. Mama Hadjara akamuinua Emery kwenye kiti, akakaa yeye, akaondoa kila alama iliyobaki ya urembo. Kisha akatoka mpaka mulangoni, akasema, "Fungua."

Nikafungua. Ukaja polepole, kutoka juu. Herufi nyeusi tu: Mimi Hadjara ninaaga. Karibuni mule chakula pamoja nami kabla sijaenda Kigwena.

Nilitafuta kasoro. Nilipandisha, nilishusha, niligeuza simu kichwa chini. Hakukuwa na kitu cha kuvunjika. Nikasema, "Umepita." Akampigia Nafisa hapohapo amesimama, na mimi nikaenda kufunga geti ambalo lilikuwa limefungwa.

Mama Hadjara, biro yote inakuambia murakoze, asante. Tunakuombea magoti yasiyouma, michikichi inayobeba, na dada asiyepiga simu tena kwa kuwa uko hapo karibu yake. Gari za Kigwena ziko, na zamu naye ana siku yake ya kupumzika. Jumapili ya kwanza, uniwekee kiti nje.