Hayley na Mbuzi wa Garissa

NAJMO: Haloo? Nani huyu?

DAUD: Ni mimi, Daud. Kaka yako wa Birmingham.

NAJMO: Huyo wa Birmingham namjua, lakini haongei kama mwizi. Mbona unanong'ona?

DAUD: Nimejifungia chooni. Zeinab yuko sebuleni na mtoto. Salaam aleikum kwanza, bana.

NAJMO: Waaleikum salaam, baba mtoto. Sikiza, hapa Garissa mbuzi wa akika ya mtoto amefungwa tangu asubuhi, Billow mchinjaji amenoa kisu mpaka kimekonda, na Mama amekataa mbuzi achinjwe bila jina. Leta jina.

DAUD: Ndiyo, jina... Haloo? Mtandao unasumbua—

NAJMO: Mtandao uko sawa kuliko wewe. Jina!

DAUD: Hayley.

NAJMO: Ati?

DAUD: Hayley. Ni jina la mkunga wetu. Najmo, wallahi, zamu yake iliisha, akavaa koti, akamtazama Zeinab, akalivua tena. Alimshika mkono mpaka mwisho. Na unajua mimba ile ya kwanza vile ilienda...

NAJMO: Najua. Usiseme.

DAUD: Basi Zeinab alimuahidi. Sasa nikienda kumwambia mama mkwe wake amekataa—

NAJMO: Utahamia hapo chooni na godoro. Na Mama alikuwa anangoja Fosia, jina lake mwenyewe! Amewatangazia majirani. Ngoja— Mama, taratibu, ni simu hiyo! Anauliza hilo jina lina maana gani.

DAUD: Mwambie ni nuru.

NAJMO: Mwongo! Jina la mtoto wa jirani Ogle ulisema ni nuru. Hata la paka wenu ulisema nuru.

DAUD: Sawa, ukweli basi, lakini umlainishie. Hayley mwenyewe alituambia. Ni Kiingereza cha kale, lilikuwa jina la mahali. Ni uwanja uliofyekwa msituni—

NAJMO: Mama, ni uwanja—

DAUD: —wa nyasi kavu. Zile za kulisha mifugo.

NAJMO: Daud! Mtoto mzima umempa jina la chakula cha ng'ombe?

DAUD: Mlainishie!

NAJMO: Nimeshamwambia.

DAUD: Anasemaje?

NAJMO: Amekaa chini.

DAUD: Ya Rabbi.

NAJMO: Wewe, mvua imetugomea, nyasi tunazitafuta kama dawa, halafu unaleta— ngoja. Anacheka! Anasema, "Kiangazi hiki chote, mjukuu wangu amekuja na nyasi?" Anasema kumbe Wazungu nao walikuwa wachungaji, hawakutuambia tu.

DAUD: Na Fosia je?

NAJMO: Anasema Fosia ni ushindi, na ushindi hauliwi na mbuzi.

DAUD: Kwa hivyo amekubali?

NAJMO: Anamtajia Billow jina sasa hivi. Billow amekunja uso. Mama anamuuliza, "Jina lako wewe limewahi kushibisha nani?"

DAUD: Zeinab! Zeinab! Amekubali!

NAJMO: Si ulikuwa umejificha?

DAUD: Anagonga mlango. Analia. Ama anacheka, sijui— naja, mpenzi, kitasa kimekwama!

NAJMO: Betri inaisha, kwaheri, mbusu mtoto. Eh, hebu muone Mama! Anamlisha mbuzi nyasi kwa mkono wake kabla Billow hajamchukua. Anamwambia, "Kula ushibe, hizi ni za Hayley—"

DAUD: Najmo? Haloo?