Fundi wa Breki na Kikombe Chake cha Maji

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo. Aliacha shule mwaka 1966. Mwenyewe alisema hesabu zilimpiga chenga, ila kupima raba ya breki kwa jicho hakuna aliyemweza.

Mwaka 1970 alifungua karakana nyuma ya posta, akajulikana kwa kufufua breki za baiskeli za mbio za zamani. Tarehe 9 Mei 1974 alimkabidhi mwalimu mmoja baiskeli yenye rimu za chuma, aliyoijaribu juani. Jioni mvua ikanyesha, rimu zikalowa, breki zikakataa kushika. Mwalimu akavunjika bega.

Marehemu alikwenda hospitali kumwomba radhi siku saba mfululizo. Siku ya nane dada wa mwalimu akamuuliza, "Wewe fundi, unakuja kumwona kaka au kuniona mimi?"

"Nilianza na kaka," akajibu.

Walioana tarehe 20 Desemba 1975. Tangu ajali ile, hakuna baiskeli iliyotoka karakanani kabla rimu hazijamwagiwa kikombe cha maji, kisha ikateremshwa mlimani. Magoti yake yalipochoka, bintiye ndiye aliyeteremka, yeye akisimama juu na kikombe mkononi. Wateja aliwabadilishia rimu za chuma, akawawekea za alumini, ambazo breki huzishika hata zikilowa. Shemeji yake tu, yule mwalimu, alishikilia zake miaka hamsini. Mwaka huu akakubali.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwezi Januari 2024. Alifariki tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, bintiye akiwa amemshika mkono.

"Baiskeli ya shemeji nimeifunga rimu mpya, ila sijaimwagia maji," alimwambia kabla ya kukata roho.

"Nimesikia, baba."

Binti huyo hajalia mpaka sasa. Wapo waliomsema. Amepanga viti, amepokea wageni, moyo umekufa ganzi.

Leo asubuhi alifungua karakana, akamwaga maji kwenye rimu mpya, akateremka. Penye kona akabana breki, baiskeli ikasimama hapohapo. Akageuka kutazama juu, kama alivyozoea. Hapakuwa na mtu. Akaikokota baiskeli kurudi karakanani.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, wajukuu wawili na shemeji, ambaye baiskeli yake iko tayari.

Baba, baiskeli ya mjomba imeshika. Sasa pumzika kwa amani.