Mshtuko wa Otonglo: Benta Adero Ametutoka

Wasikilizaji wapendwa, Otonglo haijaamini mpaka leo. Benta Adero hayupo. Mwalimu Benta, kocha wa netiboli aliyewaacha wasichana wa kidato cha nne wakihema nyuma yake, amefariki kwa ugonjwa wa moyo. Ndiyo, moyo.

Mumewe, Absalom Oyugi, bado ameduwaa. "Mwenye kitambi ni mimi," anasema. "Mwenye presha ni mimi. Kifo kilinirukaje mimi?"

Benta, mzaliwa wa Awasi, aliugua ugonjwa wa viungo miaka mingi. Vidole vilivimba, akavifunga bandeji, akarudi uwanjani. Mwaka huu daktari alimpima damu. Mafuta yalikuwa sawa. Lakini kipimo cha uvimbe uliojificha mwilini kilikuwa juu. Juu sana.

"Mwalimu, rudi tuuangalie na moyo."

Benta akacheka. "Moyo wangu? Daktari, njoo tukimbie, tuone nani atalazwa!"

Jioni Oyugi akamuuliza, "Mama Griffins, wamesemaje?"

"Mafuta yako sawa."

Hakudanganya. Alisema nusu.

Siku ya fainali alikaa kando ya uwanja na dadake, Lorine. Timu yake ilikuwa ikiongoza. Ghafla akashika shavu. "Lorine, taya linaniuma." Lorine alidhani ni jino. Akamfungulia chupa ya maji. Benta hakuwahi kuyanywa. Walipofika hospitali, alikuwa ameshakata roho.

Baada ya uchunguzi wa mwili, daktari aliwaambia kwamba mshipa wa moyo haukuwa umeziba kwa miaka. Nafasi ya damu kupita ilikuwepo.

Oyugi akasimama. "Nafasi ilikuwepo, na mke wangu amekufa?"

"Mzee, kwenye ukuta wa mshipa kulikuwa na utando laini, umejaa mafuta, ngozi yake nyembamba. Uvimbe uleule uliomvimbisha vidole ulikuwa ukiila ngozi hiyo polepole. Ikapasuka kama jipu. Damu ikaganda hapo hapo, njia ikaziba."

Lorine akatazama mikono yake. Vidole vyake pia huvimba. Baada ya mazishi alikwenda kupimwa. Kipimo chake cha uvimbe kilikuwa juu vilevile. Leo yuko kwenye matibabu. "Nameza dawa nikilia," anasema. "Dadangu ndiye amenipeleka hospitali."

Kwako Mzee Oyugi, kwako Griffins, kwako Lorine na wasichana wote wa timu, poleni sana. Mungu awashike mkono.

Nawe uliye karibu na redio, mgeukie mtu wako, hasa yule mwenye nguvu kuliko wote nyumbani. Muulize daktari alimwambia nini. Akisema yuko sawa, usiondoke. Mngoje amalize.