Huku Bado Inawaka: Mzee Meno Anatuaga

Mimi ni mtu wa bahati, na wanaokaa karibu nami wamechoka kuisikia habari hiyo. Nimeendesha magari ya chuo hiki kwenye barabara ambazo wengine wenu mnaziona kwenye ramani tu. Gari limewahi kunibwaga mtoni, nikatoka nikiwa na kofia kichwani na funguo mkononi. Lakini hiyo ni bahati ndogo. Bahati yangu kubwa ni kwamba upweke haunijui. Watu wanakuja chuoni, wanazoeleka, wanaondoka, wengine wanalia pale getini. Mimi nawapakia mizigo, nawapungia mkono, narudi zangu nakula nashiba, nalala fofofo. Ndiyo maana Mkuu wa Chuo alipotafuta mtu wa kuandika maneno haya bila kulowesha karatasi, aliwaruka wote wenye digrii akaja kwangu, niliyeachana na shule darasa la saba kwa makubaliano ya pande zote mbili.

Basi tuanze inavyotakiwa. Tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita, fundi wetu wa maabara ya fizikia anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Jina lake la kwenye mshahara analijua mhasibu. Sisi wengine tunamwita Mzee Meno, ingawa ya kinywani mwake yaliyobaki hayatoshi kutafuna muwa. Meno anayoitiwa ni mengine, nitayafikia.

Wanaoifahamu maabara yake wanajua ilivyo: mlango wa mwisho kwenye korido, ule unaokwaruza sakafu hata ukiufungua kwa adabu. Ndani kuna pazia jeusi, harufu ya spiriti ya kufutia lenzi, kikombe kimoja, na kiti kimoja chenye mto uliobonyea umbo la mwenyewe. Hapo pana sheria. Mwanafunzi haruhusiwi kugusa lenzi kabla ya kunawa mikono. Mwalimu haruhusiwi kuigusa hata akinawa. Na kile kiti hakikaliwi na mtu, awe mgeni wa heshima au mkaguzi.

Kazi iliyompa sifa ni ya kupima kasi ya mwanga. Nitaieleza kama alivyonieleza mimi, kwa sababu mwalimu wa fizikia akiieleza hueleweka na mwalimu mwenzake tu. Mwanga ni nini? Ukimuuliza mwalimu huyo asubuhi atasema ni mawimbi, ukimuuliza mchana atasema ni chembechembe, na ukimuuliza kipi ni kipi atasema vyote viwili, kisha ataangalia saa. Mzee Meno alikuwa na jibu fupi. Alisema mwanga ni safari. Kila unachokiona kimesafiri kuja kwako, kwa hiyo kila unachokiona kimeshapita kidogo. Hata unayekula naye meza moja, unamwona alivyokuwa, humwoni alivyo.

Zamani watu walidhani mwanga hautumii muda wowote. Kuna mtaalamu aliyewaza kuweka watu wawili juu ya vilima viwili, kila mmoja na taa iliyofunikwa: wa kwanza akifunua, wa pili akiona tu afunue na yake. Wakaishia kupima uzito wa mikono yao. Na sisi tulijaribu, Mzee Meno kwenye dirisha la maabara, mimi ng'ambo ya bonde kwenye kilima cha tangi la maji. Matokeo yakaonyesha kwamba mwanga unapitwa na baiskeli, maana nilikuwa nimeinama kufunga kamba ya kiatu. Baadaye akatokea mtu mwingine, akachunguza mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii. Mwezi huo hujificha nyuma ya sayari yake kwa ratiba, kama basi la serikali katika nchi yenye nidhamu. Sayari ikiwa mbali nasi, ratiba inachelewa, ikikaribia, inawahi. Mwezi haukuwa na kosa lolote. Habari zake ndizo zilizokuwa njiani.

Ndipo tunafika kwenye meno. Njia ya tatu ni ya gurudumu lenye meno pembeni, membamba kama ya kitana. Unapitisha mwanga katikati ya meno mawili, unakwenda kwenye kioo kilicho mbali, unarudi. Gurudumu likizunguka polepole, mwanga unarudi ukikuta mwanya uleule, nawe unaona nukta kama nyota. Ukizidisha mzunguko, inafika hatua mwanga unarudi ukakuta jino limeshakaa mlangoni. Nyota inazimika. Ukijua umbali wa kioo na mzunguko wa gurudumu, kasi umeikamata. Mzee Meno alilichonga gurudumu hilo mwenyewe kwenye karakana, likizo nzima, meno mia saba na ishirini. Moja limepinda. Alilijua ni lipi, na alilisemea kama mzazi anavyomsemea mtoto mtundu.

Kioo kiliwekwa kwenye kilima cha tangi, kilomita tatu na ushei kutoka maabara, na mlinzi wa kioo ni mimi. Kila mwaka, jua likishazama, wanafunzi wanajazana nyuma ya pazia jeusi na mimi naketi peke yangu kule juu kando ya darubini ndogo yenye kioo, nikitazama tundu la mwanga kutoka dirishani kwa Mzee.

Mwaka wa kwanza nilifanya jambo ambalo bado linanifuata kwenye kila sherehe. Niliuona mwanga unafika kule juu ukiwa hafifu, nikauonea huruma. Kilomita zote zile, halafu urudi tena? Nikaligeuza gari likaelekea chuoni nikawasha taa kubwa, ziusindikize. Kule maabara wakazungusha gurudumu hadi meza ikatetemeka, nyota haizimiki. Mkuu wa idara wa wakati huo alikuwa ameshashika chaki awaambie wanafunzi kwamba mwanga hautumii muda, vitabu vyote vimekosea. Mzee Meno akainama tena kwenye darubini, akasema ataridhika kwanza akielezwa kwa nini nyota hiyo ina macho mawili.

Niliporudi nilijiandaa kwa matusi. Hakunitukana, wala hakunipeleka kwa mtu. Alinimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, kwa kuwa kikombe ni kimoja, akaniambia, "Mwanga hauchoki, dereva. Kuchoka ni kwetu."

Tangu hapo tulikuwa na desturi yetu. Zilipokuja simu za mkononi, nyota ikizimika alinipigia kunitangazia kwamba imezimika, nami nilimjibu kwamba huku inawaka, akatafute miwani. Wanafunzi walicheka kila mwaka, na kila mwaka sote wawili tulisema kweli. Aliye upande wa kioo hajui kuzimika ni nini. Mwanga unaovuka gurudumu unamfikia tu, haukatiki. Anayekaa gizani ni yule aliyeutuma.

Mke wa Mzee Meno alikuwa fundi cherehani. Nusu ya sare za chuo hiki zilipita mikononi mwake. Alipofariki, Mzee alichukua likizo ya wiki moja akarudi siku ya nne. Mota ya gurudumu ilikuwa imeungua mwaka huohuo, na idara ikasema bajeti haipo. Akaingia na mota ya cherehani ameikumbatia kama mtoto mchanga, akaifunga mezani, hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Jioni ya kupima alinipigia kama kawaida, akasema imezimika. Nikamwambia huku inawaka. Sikutia utani wa miwani, naye hakukata simu. Tulikaa hivyo muda mrefu, kila mtu na kilima chake, hadi salio lake likaisha.

Toka siku hiyo alianza kutafuta kitu kingine. Nadharia inasema nyota ikishazimika usisimame hapo. Ukizidisha mzunguko hadi mara mbili, mwanga utarudi ukute jino limeshapita na mwanya unaofuata umefika. Nyota itawaka tena. Mzee Meno hakuwahi kuiona. Kila mwaka alijaribu, na kila mwaka mkanda uliteleza, au mota ilitoa moshi, au mawingu yaliingia. Yeye asiyeomba hata ruhusa ya kwenda hospitali, aliniambia kwamba hataki zawadi ya kustaafu, wala saa ya ukutani wala sufuria. Anataka kuiona ikirudi, basi.

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwa namna mbili. Pale bondeni kuna ghorofa linapanda, mmeliona. Lilipofika ghorofa ya nne, miale yetu ikagonga ukuta. Njia ikabaki moja: kukihamishia kioo juu ya tangi lenyewe, miale ipite juu ya vichwa vya mafundi kabla hawajamwaga zege la paa. Nilipanda na kioo, nikakielekeza kwa jicho la dereva, na jicho la dereva limezoea barabara. Mwalimu wa fizikia alikaa kwenye darubini jioni mbili akaona giza. Kioo kile kinageuzwa kwa upana wa unywele, na mkono unaojua kukigeuza ni mmoja tu chuoni.

Mzee aliona tatizo kabla sijamaliza kulieleza. Akienda kwenye kioo, hawezi kuwa kwenye darubini. Akikaa kwenye darubini, hakuna mwanga wa kuangalia. Tulimwambia tusubiri, tutafute mtaalamu. Akauliza kama na zege litasubiri. Kisha akavaa koti, akachukua bisibisi yake ndogo, akanitazama mimi, akakivuta kile kiti nyuma kidogo. Alimaanisha nikae.

Nimekaa kwenye viti vingi, jamani, na vingine vya wakubwa. Hicho kilinishinda pa kuweka magoti. Mwalimu wa fizikia alisimama kwenye kisoma mzunguko, simu tukaiweka mezani ikiwa wazi, tukamsikia Mzee anavyohema kwenye ngazi ya tangi. Kisha nukta ikaja. Nilikuwa nimeishi na mwanga ule miaka yote hiyo upande mmoja, kumbe upande wa pili ni kitu kidogo namna ile, kama tundu la sindano. Nikajua kwamba nyuma ya tundu lile kuna mzee ameshika bomba la chuma kwa mkono mmoja.

Tukazidisha mzunguko. Nyota ikafifia, ikafifia, ikaisha. Kwa mara ya kwanza nikaliona giza lake.

"Mzee," nikasema, "imezimika."

Upepo wa kule juu ukavuma kwenye simu. "Huku inawaka, dereva," akajibu. "Miaka yote hii nilijua kwa hesabu tu."

Mwalimu akanitazama, nikampa ishara aongeze. Mota ya marehemu ikaanza kulia kama inashona turubai. Meza ikatembea, mkanda ukatoa harufu ya mpira, mwalimu akawa anataja namba kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Sikuona kitu, sikuona kitu, halafu nikaona. Hafifu kwanza, kisha ikakaa imara katikati ya jicho langu. Nilimwambia imerudi. Hakushangilia. Aliniuliza ina rangi gani, nikamwambia nyeupe, unjano kidogo ukingoni. Akauliza kama imetulia. Nikamwambia imetulia.

"Basi usiizime," akasema. "Iache kidogo."

Tuliiacha hadi mkanda ukakatika. Wiki iliyofuata zege likamwagwa, na sasa dirisha la maabara linatazama ukuta.

Mwalimu wa fizikia amepiga hesabu: kilomita laki tatu na ushei kwa sekunde, yaani tumekosea kidogo, na Mzee anasema lawama ni za lile jino lililopinda. Pamoja na hilo, chuo kinamshukuru kwa darubini alizofufua, kwa walimu wanaofundisha leo shule nyingi baada ya kukaa nyuma ya pazia lake, na kwa kutotufungia mlango sisi tusiosoma. Anahamia kwa binti yake, safari ya siku mbili. Gurudumu tumemfungashia. Mota tumeisafisha, nayo anaondoka nayo. Kiti kinabaki, na sheria yake inabaki.

Mzee Meno, nenda salama. Binti akuandalie pa kukaa penye dirisha, wajukuu wakuchoshe kwa maswali, na macho yakusindikize hadi mwisho. Tunashukuru sana, mzee wetu. Siku ya safari nitakupakia mizigo mimi mwenyewe na kukupungia mkono pale getini.

Na lile nililojisifia mwanzoni, kwamba upweke haunijui, ni uongo. Nikishawapungia mkono, huwa sili.