Maisha ya Mzee Kinanda, Aliyepigia Piano Watu Waliokuwa Wakila

Ndugu zetu, majirani, wanamuziki, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha, familia imenikabidhi mimi karatasi hii kwa kuwa ndimi kifungua mimba, na pia kwa kuwa nimefundisha hesabu miaka ishirini na sita, na wadogo zangu wanasema nina sauti isiyohitaji kipaza sauti. Nitakwenda kwa tarehe, hatua kwa hatua, kama inavyotakiwa, ila mahali fulani nitasimama nikiri kosa langu mbele yenu, kwa maana historia ya Baba isiyokuwa na kosa hilo itakuwa pungufu.

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Kinanda, alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Machi 1946, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mkate, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi bomba na mkewe mshona magunia. Bibi alituhadithia kwamba alipotoka tumboni alikaa kimya, mkunga akampiga kofi la kwanza hakulia, akampiga la pili hakulia, na mkunga alipokwisha kukata tamaa na kuanza kunawa mikono, ndipo akalia kwa muda wake mwenyewe, kwa sauti iliyosikika hadi kiwandani.

Alisoma shule ya msingi ya karibu na kituo cha reli kuanzia mwaka 1953 hadi 1960, kisha shule ya sekondari ya bweni kuanzia Januari 1961 hadi Novemba 1964, na huko ndiko alikokutana na piano, chombo kizee chenye vitufe vinne visivyotoa sauti kabisa, ambacho mwalimu wa muziki alikuwa ameweka vyungu vya maua juu yake. Mwalimu huyo, mama mmoja mkali aliyekuwa akivaa miwani miwili kwa pamoja, alimfundisha kuvibonyeza hata vile vitufe vilivyokufa na kuisikia sauti ya kila kimoja kichwani kabla ya kuendelea, asiviruke kama wenzake walivyoviruka. Baba alituambia mara nyingi kwamba muziki wote alioujua aliufahamu kupitia vitufe hivyo vinne, nasi watoto tukawa tunaitikia "ndiyo Baba" huku tukitafuta viatu vyetu tutoke.

Kuhusu kazi, alianza kama mpanga barua katika posta mwaka 1965, akaacha, na tarehe 2 Juni 1969 akaajiriwa kuwa mpiga piano wa ukumbi wa chakula katika hoteli iliyokuwa mkabala na benki, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na tisa, mchana na jioni, akiwa amewapa kisogo watu waliokuwa wakila. Meneja wa hoteli alikuwa na amri moja tu, kwamba muziki usikatike hata kidogo, kwa maana ukikatika wageni watasikia vijiko vyao wenyewe na wataona haya kuongeza chakula, na Baba akaitii amri hiyo, akaunga wimbo kwa wimbo kama fundi anayeunga mabomba, bila mwanya wala nafasi ya kushusha pumzi. Wahudumu wa meza ndio waliompa jina la Mzee Kinanda, angali kijana wa miaka ishirini na mitatu, nao walimpenda sana, ingawa katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuusikia wimbo wake kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kila walipoingia jikoni mlango ulijifunga nyuma yao na kuukata.

Ndoa yake na mama yetu, fundi cherehani, ambaye yupo hapa mbele na amenionya nisimlize, ilitokana na mapazia. Mama aliitwa hotelini kupima madirisha ya ukumbi ule mwaka 1970, na kila alipoanza kuhesabu futi na inchi muziki ulimvuruga, akahesabu mara tatu akapata majibu matatu, hatimaye akamwendea mpiga piano na kumwomba kwa heshima zote anyamaze kidogo watu wafanye kazi. Baba alinyamaza. Akakaa mikono ikiwa magotini mpaka madirisha yote tisa yakapimwa, wageni wakasikia vijiko vyao, na kesho yake akapewa barua ya onyo, barua ambayo Mama aliitia fremu na ambayo ipo hadi leo juu ya cherehani yake. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 21 Agosti 1971, wakajaliwa watoto watatu, nami nikiwa wa kwanza mwaka 1972, akifuatiwa na mdogo wangu fundi umeme mwaka 1975, na kitinda mimba wetu mkutubi mwaka 1980, na marehemu ameacha wajukuu saba.

Mwaka 1977 Baba aliunda kundi lake la watatu, akimchukua mpiga besi tunayemwita Ngazi kwa urefu wake, na mpiga ngoma tunayemwita Dakika, kwa kuwa tangu tumfahamu hajawahi kufika mahali bali yuko njiani, dakika moja tu. Hoteli haikuwataka, ilimtaka mmoja, hivyo walikutana sebuleni kwetu kila Jumapili alasiri kwa miaka arobaini na sita, wakipiga muziki wa jazi ambao ulimfanya jirani wa kulia kuhama na jirani wa kushoto kununua kiti cha kuweka dirishani. Baba hakuwahi kuuanza wimbo kwa kuhesabu kwa sauti, alivuta pumzi tu, bega la kushoto likapanda, na wenzake wakajua. Tarehe 30 Novemba 1998 hoteli ilinunua mashine ya muziki isiyoomba likizo, Baba akastaafishwa, akarudi nyumbani na saa ya ukutani na shuka mbili.

Sasa nafika mahali pa kosa langu. Kuanzia mwaka 2016 alisumbuliwa na baridi yabisi ya vidole, na sote tuliokuwa tukimsikiliza Jumapili tuliona mapigo yake yamebadilika, kwani yule aliyezoea kumwaga noti za muziki kama mvua ya mawe sasa alipiga chache, kisha katikati ya wimbo akainua mikono na kuiacha hewani, kimya, sekunde mbili, sekunde tatu, ndipo akarudi. Amu yetu, kaka yake mkubwa, alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa kusahau, naye ulimwanza hivyo hivyo, kwa kunyamaza katikati ya sentensi, kwa hiyo mimi nilijumlisha moja na moja kama nilivyosomea, nikapata jibu, na lilikuwa si sahihi. Mama aliniambia Baba yako hajasahau chochote, tena akaniongezea kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, nikaona ni maneno ya mke anayempenda mumewe.

Basi uongozi wa ukumbi wa wafanyakazi wa reli ukamwalika yeye na wenzake kutumbuiza Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2023, saa kumi alasiri, akiwa na miaka sabini na saba, na kwa mara ya kwanza maishani mwake angewapigia watu waliokaa wakitazama jukwaa, wasiokuwa na sahani mbele yao. Yeye alifurahi, akapeleka koti kwa Mama lipunguzwe kiuno. Mimi sikulala. Niliona baba yangu akiumbuka mbele ya watu mia nne, niliwasikia wakinong'onezana kwamba maskini mzee amepotea, na siku ya Jumatano, tarehe 11 Oktoba, nikajitia kimbelembele, nikaenda kwa Ngazi bila kumwambia mtu, nikamwomba kwamba kila Baba atakaponyamaza, yeye na Dakika wajaze haraka, watu wasitambue. Ngazi akasema hilo si jambo dogo, lakini alinibeba nikiwa mchanga na hajui kuninyima, akakubali.

Ukumbi ulijaa hadi ngazi za mlangoni. Safu ya tatu walikaa wahudumu wa hoteli ile, kumi na mmoja waliosalia, wazee watupu, wamevaa suti na wamekunja mikono, maana walizoea kushika sinia na hawakujua waiweke wapi. Katika wimbo wa kwanza Baba aliinua mikono, Ngazi akajaza, Baba akageuza shingo kidogo. Katika wimbo wa pili aliinua tena, Dakika akajaza kwa brashi zake za kupigia ngoma, na kwa mara ya kwanza katika historia yake akawahi. Makofi yalipigwa, ya adabu, kama yale ya mgeni rasmi anapomaliza hotuba, nami nikashusha pumzi nikijua tumeokoka. Katika wimbo wa tatu aliinua mikono, wote wawili wakajaza kwa pamoja, wakagongana, na Baba akaishusha mikono yake magotini akaacha kabisa.

Wimbo ulikufa pale pale. Nikamshika Mama mkono, naye akautoa mkono wangu taratibu akauweka kwenye paja langu mwenyewe. Baba, ambaye hakuwahi kusema neno akiwa kwenye piano tangu mwaka 1969, alisogeza kipaza sauti, akawageukia wenzake, na watu mia nne wakasikia.

"Ndugu zangu, msinijazie. Sijasahau. Nasubiri."

Kisha akavuta pumzi, bega la kushoto likapanda, na wakauanza wimbo ule ule upya. Wapendwa, mimi si mwanamuziki, sitajifanya najua kueleza, lakini alipoinua mikono safari ile Ngazi aliiacha besi yake ikae, Dakika akazishika brashi kifuani, na ukumbi mzima ukabaki ukining'inia kwenye mikono ya mzee mmoja. Nilisikia kiti kikilia, nilisikia feni, nilisikia pumzi yangu, nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, na nilipofika tano nilitambua kwamba wimbo haujasimama, unaendelea mle mle ndani ya kimya, na kwamba kila mtu aliyekuwepo alikuwa anaisikia noti ambayo haijapigwa. Ndipo akaipiga, moja tu, kwa kidole kilichopinda, na mzee mmoja katika safu ya tatu akasema "ehee", na ukumbi ukalipuka.

Walipiga nyimbo sita zaidi. Jungu kuu halikosi ukoko, na siku ile Baba alikwangua mpaka chini, mara anachokoza, mara anamwachia Ngazi uwanja apite, mara anamsubirisha Dakika hadi Dakika anacheka jukwaani kwa sauti, na zile nafasi alizoziacha ndizo zilizokuwa zikishangiliwa. Miaka ishirini na tisa alikatazwa kunyamaza, na sasa watu walimvulia kofia kwa kunyamaza kwake. Mwishoni walisimama wote, wa kwanza wakiwa wale wahudumu kumi na mmoja, wakilia bila kujificha, kwa sababu walikuwa wameusikia wimbo hadi mwisho na hakuna mlango uliofungwa. Nami nililia, kwa aibu na kwa fahari, na sijui ipi ilizidi.

Garini nilimwungamia. Alicheka hadi akakohoa, akasema alijua tangu wimbo wa kwanza kwamba kuna mkono wa mtu, kwani Ngazi hajapata kupiga noti nyingi namna ile tangu azaliwe, akaniambia pia kwamba mwalimu wa hesabu anapaswa kujua kuwa sifuri nayo ni tarakimu. Alitumbuiza mara nne zaidi kabla ya afya kumzuia, na kila mara ukumbi ulijaa.

Mwezi Machi 2024 moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba, na Jumatatu tarehe 20 Mei akalazwa hospitalini, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Vidole vyake havikupumzika, vilitembea juu ya shuka siku nzima, na mara vikisimama muuguzi alikuja mbio, na Mama akamwambia mwache, anasubiri, na kweli vikaendelea. Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa tatu na robo asubuhi, vilisimama. Muuguzi alikuja, Mama akamwinulia mkono asiseme kitu, akasubiri kwa muda ambao hakuna aliyethubutu kuuhesabu, kisha akamfunika mikono akasema, "Haya. Huu ndio mwisho wa wimbo."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, hasa yule aliyekubali kungoja, inawashukuru majirani mliovumilia Jumapili zaidi ya elfu mbili, pamoja na aliyehama, ambaye leo amerudi na amekaa pale, inawashukuru wahudumu wa hoteli, na uongozi wa ukumbi wa reli. Ngazi na Dakika, hatuna neno linalowatosha, ila nina ombi, na safari hii ni ombi tofauti na lile la Oktoba. Nitakapoweka karatasi hii chini patakuwa kimya, na ninyi wawili msikijaze, wala mtu yeyote asikohoe kwa kunionea huruma akidhani nimepotea. Sijasahau.

Baba, pumzika kwa amani, kwa muda wako mwenyewe. Sisi tunasubiri.