Nilimwandikisha Marehemu Chamani

Wapendwa katika Bwana, sifa zote ni zake Yesu, na leo naomba zibaki kwake kabisa, maana mimi sina cha kusifiwa. Kiongozi wa ibada amenikaribisha kwa kuniita Mheshimiwa. Namshukuru, ila naomba iwe mara ya mwisho. Niiteni Baba Furaha, mtu wa mtaa wetu huu huu wa Rexdale, ghorofa ya kumi na moja, lifti ikikubali.

Ndugu zangu, wengi mnajua nilikaa bunge la jimbo kipindi kimoja. Mlinipigia kura, mkanisindikiza siku ya kuapishwa na vitenge vya sare, mkapiga vigelegele mpaka polisi akatabasamu. Nilidhani vile vigelegele ni mali yangu. Uchaguzi uliofuata nikaangushwa, na niliangushwa vibaya. Kiti kiliondoka, cheo nikakataa kukivua. Kwenye harusi nilichelewa makusudi ili nitangazwe nikiingia. Nilipata kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, nanyi nikawaambia nashauri makampuni! Nilivaa koti la suti, nikashuka basi la barabara ya Kipling vituo viwili kabla, nikatembea kwenye theluji ili mtu asinione nikiingia lango la ghala. Mke wangu aliziona buti za kazi nyuma ya mlango, akazipangusa matope, akazirudisha. Naona aibu kusimulia haya, lakini aibu yenyewe bado sijaifikia.

Mwaka jana mbunge wetu wa bunge la taifa, kule Ottawa, akatangaza kustaafu. Jamani, nilichanganyikiwa kwa tamaa! Mnajua utaratibu wa hapa: kabla ya wananchi kupiga kura, wanachama wa chama humchagua mgombea wao. Mwenye kuandikisha wanachama wengi ndiye mwenye nafasi. Kujiunga na chama chetu ni bure, fomu moja tu: jina, simu, anwani na sahihi. Mpinzani wangu, mama mmoja mfanyabiashara, alikuwa na watu wengi. Mimi niligonga milango ya maghorofa, watu wakanikaribisha chai, wakaahidi, wasijaze. Wiki ya mwisho ya kuandikisha ikafika nikiwa na fomu chache za kutia huruma.

Wiki hiyo hiyo Papa Neema akafariki. Mnamkumbuka, yule mzee mpole kutoka Uvira aliyekuwa anapanga viti hapa kabla ya ibada. Na desturi yetu ya msiba mnaijua. Mlangoni panawekwa daftari, kila anayefika anaandika jina, simu na anwani, ili familia ijue nani wa kushukuru na nani ataleta chakula siku gani. Daftari lile nilikabidhiwa mimi, kwa sababu mliniona mwaminifu. Baada ya mazishi nikaenda nalo nyumbani nikaandike barua za shukrani.

Ndugu zangu, sikuandika barua hata moja. Jumamosi mchana, mke wangu akiwa kazini, nilikaa mezani nikahamisha majina yenu kwenye fomu za chama. Ninyi mlioandika mkiwa mnalia, nikawatilia sahihi! Nilijiambia, hawa ni watu wangu, hata ningewaomba wasingekataa. Shetani ana maneno laini sana. Nilinakili haraka haraka, mstari kwa mstari, kuanzia juu ya ukurasa wa kwanza. Na pale juu familia ilikuwa imeandika jina la marehemu mwenyewe, simu ya nyumbani na anwani. Nikamwandikisha naye, na wala sikugundua.

Siku kumi baadaye Mama Neema, mjane wake, akanipigia simu. 

"Mheshimiwa, balinipigia simu. Banamutafuta Papa Neema, eti aende kupiga kura. Nikabaambia alikufa, banasema jina iko kwa liste. Sasa serikali itasema nilidanganya? Na makaratasi yangu haiyatoka bado!"

Waliompigia ni watu wa chama, wakiwa na orodha ya wanachama. Alikuwa anasubiri ukaazi wa kudumu. Alidhani sasa anaonekana mwongo, na kwamba yeye na mtoto wao Neema watarudishwa walikotoka. Akanitafuta mimi nimtetee. Mimi! Nikakohoa, nikasema, "Nitafuatilia, Mama." Nilikata simu nikaendelea kupiga pasi shati la kampeni. Wiki nzima yule mama hakulala, nasikia hata kula aliacha, nami ningeweza kumwondolea hofu kwa sentensi moja.

Jumapili mkaniita hapa mbele niombewe, kwa sababu kura ya chama ilikuwa Jumanne. Nikapiga magoti. Mchungaji akauliza nani ataongoza maombi, akatoka Mama Neema na nguo zake za msiba. Akaweka mkono kichwani pangu, akaomba kwa sauti, "Mungu wa wajane, umukumbuke huyu baba, juu njo yeye ananitetea." Kwamba mimi ndiye mtetezi wake! Nilishindwa kunyanyuka. Mlidhani Roho amenishukia, mkapiga makofi. Ndugu zangu, ile ilikuwa hatia!

Nilimfuata jikoni, kina mama wakipakua wali. Nikasema mbele yao wote, "Mama, ni mimi niliyemwandika mzee. Nilitoa jina lake kwenye daftari la msiba." Wakaacha kupakua. Mama Neema akaweka sahani chini.

"Uliandika jina yake na mukono yako," akasema, "na haukumuona?"



Jumatatu nilikiandikia chama barua, nikaeleza yote, nikajitoa. Walinifukuza, na nilistahili. Habari zilifika mji jirani wa Brampton kabla mimi sijafika ghalani. Wako waliocheka, wako walioitikia salamu yangu wakiangalia pembeni. Kisha nikaenda na Mama Neema kwa wakili wa mambo ya uhamiaji, nikakiri kwa mdomo wangu kwamba kosa ni langu. Wakili akamhakikishia kuwa orodha ya chama haihusiani kabisa na faili lake. Mama akajifunika uso kwa kitenge akalia kwa sauti. Nilikaa pembeni yake nikiwa sijui nitie wapi mikono yangu.

Tukiwa kituo cha basi akaniambia, "Baba Furaha, mi siyakusamehe. Lakini kesho kuko maombi kwangu. Ukuje."

Nilienda. Nilikaa chini karibu na viatu vya wageni, hakuna aliyetangaza kuwa nimefika, nikapewa ugali na sombe, majani yetu ya muhogo, kama kila mtu. Haleluya, hapo ndipo nilipofunguliwa! Kiu ile ya kutajwa, iliyonifanya nimwibie hata marehemu jina lake, Bwana aliikata nikiwa nimekaa pale sakafuni.

Namshukuru Mungu, nawashukuru ninyi ambao bado mnanisalimia. Aibu ninayo, siwadanganyi. Mama Neema ameketi safu ya tatu, sijui kama amenisamehe, wala simharakishi. Lakini wewe uliyefunika jambo moyoni, mtumaini Yesu leo, uinuke umwendee uliyemkosea. Usisubiri kwanza uwe msafi. Mimi nilikaribishwa nikiwa bado sijasamehewa.