Haika Aliyeifundisha Mashine Kusikia

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 10 Februari 2026, saa nane na dakika arobaini, kwenye korido ya ghorofa ya pili ya nyumba moja ya kulea wazee hapa Croydon, ilisikika sauti ya mtu akiguna, kisha kitu kizito kikaanguka, kisha sauti ileile ikaita "Jamani, nisaidieni" mara tatu, na hiyo ndiyo sauti ya mwisho ya dada yangu Haika, na naanza nayo kwa makusudi, kwa sababu kamati ya msiba iliniomba niandike tu kwamba aliugua ghafla akiwa kazini, nami nimeshindwa, wakubwa wangu mnisamehe.

Marehemu Haika alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, Marangu, mkoani Kilimanjaro, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, mimi ndiye kitindamimba, alisoma shule ya msingi hukohuko, akamaliza kidato cha nne Moshi mwaka 1998, na Septemba 2006 akaja London, akaanza kazi katika nyumba hiyo ya wazee na hakuhama tena. Tarehe 8 Agosti 2009 alifunga ndoa na shemeji Serge, mzaliwa wa Lubumbashi, wakajaliwa mtoto mmoja, Armelle, huyu aliyekaa mbele, ana miaka kumi na minne. Mimi alinipokea mwaka 2023, akanitafutia kazi palepale.

Sasa kazi yake, ngoja niisome polepole, maana hapo ndipo ninapochemka. Mwaka 2019 walikuja watu wa kompyuta, wanatengeneza akili mnemba ya kusikiliza vyumba vya wazee na korido usiku, wakakaa naye wiki sita wakimuuliza, unajuaje huyu ana maumivu na huyu anaota tu, wakaandika kanuni, ikiwa hivi basi vile, zikafika mia tatu na kitu, na mashine ikalia kwa sababu ya televisheni, ikalia kwa sababu ya birika, ikamwacha bibi aliyekuwa akilia kimyakimya, Haika akacheka, akasema, "Wananiuliza ninajuaje, mimi mwenyewe sijui ninajuaje, namwangalia mtu tu!" Mwaka 2023 wakarudi na njia nyingine, safari hii hakuna kanuni, mashine ijifunze yenyewe kwa mifano, wakampa Haika hedifoni na rekodi elfu kumi na moja, kila moja aiandikie, haya maumivu, hii ndoto, na sauti yoyote ya mhudumu, akiimba, akipiga soga, akiguna anapomwinua mzee, aiandikie "mhudumu, puuza", ili mashine isisumbue watu bure, na nyingi katika sauti hizo za wahudumu zilikuwa zake mwenyewe. Ikafanya kazi, tena vizuri, sikatai, ndipo wakapunguza wahudumu wa usiku kutoka watatu hadi mmoja.

Haika alianza kusumbuliwa na presha mwaka 2024, dawa alikuwa anameza bila kukosa. Usiku ule alikuwa zamu peke yake, na mashine ilisikia kila kitu, ikaandika saa na dakika, ikaandika "mhudumu, puuza", na aliyemkuta sakafuni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi ni mimi, naingia zamu ya mchana, na akafariki hospitalini saa nne na robo. Fundi wao, Sachin, alituwekea ile rekodi ofisini, mimi na shemeji, halafu akatuambia kwamba mfumo ulifanya kazi kama ulivyofundishwa. Kama ulivyofundishwa! Na nani? Yaani kosa amebebeshwa marehemu! Katika sauti elfu kumi na moja hakuna hata moja ya mhudumu anayeanguka, mnanielewa, hata moja, kwa sababu hakuna aliyefikiri mhudumu naye ni mtu wa kuanguka, zile kanuni zilijua walichokumbuka kuandika, mifano nayo ilijua ilichoonyeshwa, basi, lakini angekuwepo mwenzake mmoja tu kwenye ile korido, hata mtu wa kidato cha nne kama mimi, angemsikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye asubuhi ile, majirani wa jengo letu waliotupikia siku zote hizi, wafanyakazi wenzetu waliozishika zamu zangu, na uongozi wa nyumba ya wazee kwa maua, yale pale. Pamoja na maua wameleta karatasi ya kusaini, kwamba sitaongea, na mimi naogopa, siwafichi, viza yangu inategemea kazi hiyo, mwanangu ana miezi kumi na mmoja, bado nanyonyesha, sina pa kwenda.

Lala sasa dada, upumzike kwa amani, zamu yako imekwisha. Jumatatu saa tatu asubuhi nitaisaini, na nikishasaini, naahidi mbele yenu nyote, watu mia mbili mliosikia, sitamwambia mtu mwingine yeyote.